Matuta Matatu Yaliyobaki

"Gudi, mama, kesho wale watu wa Deogratias wanarudi kuchukua jibu. Niwaambie nini?"

Baba yangu, mzee Anatoli, ana kipaji cha kupiga simu nikiwa juu ya pikipiki. Nilisimama pembeni ya barabara, hapo hapo kabla ya kuingia Nkololo, vumbi langu mwenyewe likanifikia, likanipita, lingine likaamua kukaa kwenye midomo.

"Baba, nitakujibu jioni."

"Juzi ulisema jana. Jana ukasema leo. Leo unasema jioni. Huyo kijana wako wa Nkololo amekuambukiza?"

"Siyo kijana wangu, baba."

"Basi tatizo limekwisha. Nawaambia ndiyo."

"Hapana! Yaani... subiri kwanza. Jioni."

Nilimsikia akihema. Nyuma yake shangazi Felisita alikuwa anauliza kwa sauti, "Amesemaje? Amesemaje?" Shangazi huwa hapigi simu, ila simu zote za ukoo anazisikiliza.

"Mimi sikatai mtu kuwa hana kitu," baba alisema. "Hata mimi mama yako alinikuta na baiskeli isiyo na breki. Ninachokataa ni mtu wa kesho. Nilipita shambani kwake wiki iliyopita nikienda msibani. Mwezi wa kumi huu, Gudi! Wenzake wanasubiri mvua wapande, yeye pamba ya msimu uliopita bado imesimama kama askari wa gwaride. Mwanaume anashindwa kung'oa kijiti kikavu, binti yangu atamweza wapi?"

Kwenye hilo, baba alikuwa anaongea kama mkuu wangu wa kazi.

Mimi ni afisa ugani. Wazee wa huku wananiita bibi shamba, ingawa sina hata mjukuu wa kusingiziwa. Kazi yangu kila mwaka baada ya mavuno ni moja: kuhakikisha kila mkulima ameng'oa masalia ya pamba na kuyachoma, ili funza wasipate pa kulala mpaka msimu ujao. Ukiacha shamba moja tu limesimama, funza wanalala hapo raha mustarehe, mvua ikinyesha wanahamia kwa jirani. Kata nzima ilikuwa imemaliza. Limebaki shamba moja. La Method.

Veronica, nesi ninayepanga naye nyumba moja, aliwahi kunikalisha kitako.

"Mzee Marcelo alichelewa, ulimfuata mara moja, ya pili ukampeleka kwa mtendaji wa kijiji. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Method unamfuata kila wiki."

"Namwonya."

"Unamwonya na lipshaini mdomoni?"

Kila Jumatatu nilikuwa naamka na nia ya kumpeleka Method kwa mtendaji. Jumatatu inakwisha. Najiambia hii ijayo.

Basi, ngoja nieleze Method alivyo, maana watu wanadhani ni mvivu. Siyo mvivu. Analima kuliko wenzake, anacheka kuliko wenzake, na ana macho ambayo yakikutazama unasahau ulikuwa unalalamika kuhusu nini. Shida yake ni kumaliza. Nyumba yake imefika kwenye lenta ikasimama, anasubiri bati. Pikipiki yake haina vioo, anasubiri kwenda mjini. Hata mimi alianza kunitongoza wakati wa kupanda, akakaa mpaka wakati wa kupiga dawa.

"Afisa, kuna kitu nataka kukuambia."

"Sema."

"Nikimaliza kupiga dawa."

Ukweli alikuja kusema. Alisema vizuri mpaka nikakosa usingizi. Tukakubaliana amtume mjomba wake kwa baba yangu kule Lagangabilili, mambo yaende kwa heshima. Hiyo ilikuwa Pasaka. Baada ya Pasaka akasema akishauza pamba. Alipouza akasema akishapaua nyumba, maana baba atauliza binti yake atalala wapi. Na siku moja kweli mjomba alitoka, amevaa koti, akafika mpaka barabara kubwa. Method akampigia simu: mjomba, rudi kwanza.

Kwa nini? Mpaka leo hakuna anayejua. Nadhani hata yeye.

Na Deogratias, sasa. Deogratias ana duka la dawa za mifugo Bariadi mjini. Meseji yangu haijafika vizuri ameshajibu. Siku ya kwanza kuja nyumbani kwetu alifika mapema mpaka akakaa kwenye gari, shangazi akamalizia kufagia uwanja huku anatazamwa. Hana ubaya hata mmoja. Nimeutafuta, sijauona.

Nikawasha pikipiki. Leo, nikajisemea, leo sicheki naye. Leo ama amtume mjomba wake mbele ya macho yangu, ama jioni namwambia baba ndiyo, na Jumatatu nampeleka kwa mtendaji. Vyote viwili.

Nilipokata kona ya shamba lake, nikashika breki mpaka pikipiki ikalala upande.

Shamba lilikuwa wazi.

Limeng'olewa! Vijiti vimekusanywa mafungu mafungu, makubwa, yamekauka vizuri, yanasubiri kiberiti tu. Nilishusha miguu chini moyo unadunda kama nimekuta mtu aliyesemekana amekufa anakunywa chai. Kisha nikaona katikati. Katikati kabisa ya shamba, matuta matatu. Yamesimama. Hayajaguswa. Na pembeni yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, amekaa Method, anatafuna matobolwa, vile viazi vya kukausha.

"Mwadila, afisa," alisema, amejaza viazi mdomoni.

"Usinisalimie."

"Sawa. Karibu matobolwa basi. Ya mama haya, amechanganya na karanga."

"Method, haya ni nini?"

"Viazi."

"Haya!" Nilionyesha matuta.

Aliyatazama kama ameyaona sasa hivi. "Aa. Hayo. Hayo yamebaki."

"Umeng'oa shamba zima. Ekari zote hizi. Unashindwaje matuta matatu?"

"Nilikuwa nataka kupumzika kidogo..."

"Tangu lini?"

Mama yake, ambaye alikuwa anapepeta mtama kwenye uwanja wa nyumba, pale pale ukingoni mwa shamba, alijibu kwa niaba yake bila kugeuka.

"Siku ya nne leo, ng'wanawane, mwanangu! Kila asubuhi anaenda kuyatazama, anarudi."

"Mayu!" Method alilalamika.

"Nimedanganya?"

"Mwadila, mayu," nilimsalimia mama yake, mama Salu, kwa heshima, hasira nikaiweka mfukoni kidogo.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu." Uongo huo. Amani yenyewe sikuwa nayo hata ya kuazima.

Nikamrudia mwanawe. "Mkuu wangu atapita kukagua. Nimekuombea muda mpaka ofisini wananicheka. Wakikuta haya matatu yamesimama, ni sawa na shamba zima. Funza hahesabu matuta."

"Najua."

"Sasa?"

Method alishusha bakuli chini taratibu. Akajipangusa mikono kwenye suruali. Akanitazama, yale macho sasa, nikageuza uso haraka nikawa naangalia ng'ombe wanaoshuka lamboni kunywa maji. Ng'ombe hawakuwa na msaada wowote.

"Nikiyang'oa haya," alisema, "utakuja huku kufanya nini?"

Nilisikia, nikajifanya sijasikia. "Nini?"

"Unakuja kukagua masalia. Yakiisha masalia, nani ataleta pikipiki hiyo hapa? Nimeng'oa hayo mengine yote kwa siku chache tu, Gudi. Nikafika hapa mkono ukagoma. Nikasema ngoja aje kwanza wiki hii. Anigombeze vizuri, halafu aje na nyingine."

Nikwambie ukweli, msomaji. Hakuna mtu aliwahi kuniachia pamba. Nilisikia mdomo unataka kutabasamu wenyewe. Kisha akili ikarudi. Huyu ni Method. Huyu aliwahi kumwambia mkaguzi wa pikipiki kwamba vioo vyake viko kanisani vinaombewa.

"Umelitunga sasa hivi hilo."

Akajikuna kichwa. "Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ndiyo sijui, sasa. Kweli kabisa sijui. Asubuhi najiambia leo namaliza. Nikifika hapa nakufikiria, nakaa. Lakini hata bati sijanunua, na bati halikuhusu wewe. Kwa hiyo inawezekana nakufikiria kwa sababu sitaki kumaliza, au sitaki kumaliza kwa sababu nakufikiria. Nimejaribu kuchambua nikapata kizunguzungu."

"Na mimi je? Unadhani mimi sina kizunguzungu?"

"Wewe ni afisa, wewe umesomea."

"Sikusomea wewe!"

Mama Salu alikohoa. Ungo ulikuwa umesimama hewani, mtama hauendi juu wala chini.

Nikashusha sauti. "Method, kesho washenga wa mtu wanakuja kwa baba kuchukua jibu langu."

Sikuwahi kumwambia. Ndiyo, najua. Nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kumwambia.

Uso wake ulibadilika polepole. Aliinuka kutoka kwenye ndoo, akakaa tena, akainuka.

"Mtu gani?"

"Deogratias."

"Wa duka la dawa za mifugo?"

"Huyo."

"Aisee." Akatazama chini. "Yule mtu mzuri sana. Alinipa dawa ya kupe, akanipigia simu kesho yake kuuliza ndama anaendeleaje."

"Unamsifia?"

"Nifanyeje? Hana kasoro."

"Anayo!"

"Ipi?"

Nikatafuta. Nikatafuta tena. "Anawahi," nikasema.

Tulitazamana. Kama siyo siku ile, tungecheka mpaka tukae chini. Yeye alianza, mdomo ukapinda kidogo, akaona machozi yangu akaacha.

"Usilie, Gudi."

"Silii. Vumbi."

"Ungeniambia mapema."

"Wewe wa kuniambia mapema? Pasaka, Method! Tangu Pasaka nakula neno 'kesho' asubuhi na jioni. Nani alikuomba bati? Nimewahi kukuuliza bati mimi? Baba amewahi kukuuliza?"

"Atauliza."

"Atauliza nini wakati hajawahi kukuona mlangoni?"

"Ndiyo maana yake!" Ilimtoka kwa nguvu, hata mwenyewe akashtuka. Akaendelea kwa sauti ya chini, anaongea na vidole vyake. "Hajauliza, kwa hiyo hajakataa. Unanielewa? Kitu ambacho sijakimaliza bado kinaweza kuwa kizuri. Ile nyumba pale, kwa kuwa haina paa, kichwani mwangu ina baraza, ina maua, wewe umekaa kwenye kiti cha kamba unasuka nywele. Nikiweka bati itakuwa vyumba viwili na joto. Na mjomba akifika kwa baba yako, nitakuwa mtu aliyekataliwa. Sasa hivi mimi bado ni mtu anayesubiri. Kusubiri nakuweza."

Upepo ulipita, vijiti vya pamba vikavu vikagongana. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea hivyo, bila utani pembeni. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumpiga na kimojawapo cha vile vijiti. Mikono haikujua ifuate lipi, ikabaki inaning'inia.

"Mimi kusubiri siwezi tena," nikasema.

"Kwa hiyo utasema ndiyo?"

"Sijui."

"Baba yako amekuuliza mara ngapi?"

"Nyingi."

"Na bado hujamjibu?"

Nikajipangusa vumbi kwenye sare.

"Mbona mimi hujanipeleka kwa mtendaji?" aliuliza taratibu. "Mzee Marcelo ulimpeleka. Anakusema mpaka leo. Mimi kila siku nakaa nasubiri mgambo, unakuja wewe."

"Nilikuwa... nilikuwa nakupa muda."

"Nani alikuwa anampa nani muda, Gudi?"

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njia nzima tangu nilipoagana na baba. Yote yakakimbia. Kumbe tulikuwa wawili kwenye ndoo moja, mimi nimevaa sare ya kazi tu.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi, maana nilikuwa na hasira na hasira inataka mahali pa kwenda. Niliinama nikakamata kijiti cha kwanza cha tuta la kwanza nikakivuta. Ardhi ya mwezi wa kumi ngumu kama simenti, hakikutoka. Nikavuta tena. Mikono ya Method ikaja juu ya yangu, mikubwa, ina mikwaruzo, na kile kijiti kikatoka pamoja na mzizi wake, tukayumba nyuma nusura tuanguke.

Aliniachia mikono polepole kuliko ilivyohitajika. Sikulalamika.

"Moja," akasema.

"Usihesabu. Ng'oa."

Tuling'oa tuta la kwanza bila kusema neno. Yeye kwa jembe, mimi nikikusanya. Jasho, vumbi, sare yangu ikawa rangi ya shamba. Tulipoanza la pili, akajinyoosha mgongo, akatazama jua, nikaona neno linapanda kooni mwake.

"Afisa, unaonaje tupum—"

Nilimtazama.

"Tupunguze maneno," akamalizia, akainama.

Tulipogeuka kuanza la mwisho, mama Salu hakuwepo uwanjani. Ungo peke yake. Dakika si nyingi akatokea nyuma ya nyumba, anatembea haraka, na nyuma yake anakuja mjomba Mboje. Amevaa koti. Lile lile la siku ile, jeusi, na jua lote lile, kifungo mpaka juu. Kofia mkononi.

"Mwadila, bibi shamba," alinisalimia.

"Mwadila, mjomba."

Akamgeukia Method. Mjomba Mboje ni mtu mfupi, ila ana namna ya kukutazama unajiona wewe ndiye mfupi.

"Dada amekuja kuniambia naitwa. Naitwa kweli, au naitwa kama ile siku?"

"Mjomba, ile siku..."

"Ile siku nilifika barabarani. Watu wote wa mnadani wananiona na koti. 'Mboje, unaenda kuposa?' Nikasema ndiyo! Nikanunua na pipi za watoto wa huko. Simu ikalia. Rudi. Nikarudi katikati ya wale wale watu, na koti, na pipi. Unajua walisemaje? Walisema Mboje amekataliwa yeye."

Mama Salu aliziba mdomo kwa khanga. Mabega yanamtikisika.

"Nisamehe, mjomba," Method alisema.

"Sikutaka msamaha, nilitaka safari. Sikiliza. Naenda mara moja tu iliyobaki. Naenda sasa hivi, kabla jua halijazama, maana nimesikia kuna watu wanawahi kesho." Akatoa simu mfukoni, kale ka tochi, kamefungwa raba. Akanikabidhi mimi. "Hii inabaki. Hakuna wa kunipigia. Nikishapanda, nimepanda."

"Utapanda nini, mjomba?" Method aliuliza.

"Pikipiki yako."

"Haina vioo."

"Ndiyo ninayoitaka. Sitazami nyuma."

Method alitoa ufunguo. Mjomba hakuupokea. Alikunja mikono nyuma ya koti.

"Sema kwanza. Kwa mdomo wako, binti anasikia. Mimi situmwi na dada yangu."

Hata kuku walisimama, naapa. Niliona Method anatazama nyumba isiyo na paa, anatazama tuta lile moja lililobaki, ananitazama mimi. Nikashika simu ile ya tochi kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mjomba," alianza.

"Naam."

"Si... si ungekula kwanza?"

"Method!" Tulisema wote watatu.

Akafumba macho. "Nenda," akasema. "Nenda, mjomba. Mwambie mzee Anatoli nampenda binti yake. Mwambie nyumba haina paa. Yote mwambie. Nenda."

Mjomba akavaa kofia. Akapokea ufunguo.

Na hapo, sasa, ndipo yalipotokea ya kutokea. Kwa sababu nilikuwa nimepata nilichokifuata. Ndicho kilichonitoa nyumbani. Na mjomba alipokanyaga pikipiki mara ya kwanza isiwake, nikashukuru Mungu. Nikashukuru! Baba atamcheka huyu mzee. Shangazi atamkalisha kwenye kigoda chetu kibovu. Na akikubaliwa je? Nitakaa na mtu wa kesho maisha yangu yote, nimshike mkono kwa kila tuta? Na Deogratias wa watu, hana kosa, ameniletea mpaka dawa ya kuku wa mama. Kwani lazima iwe leo? Si tungefikiri kidogo, wiki moja tu, mkuu akishapita...

Mjomba akakanyaga mara ya pili. Ikawaka.

Nilinyanyua mkono. "Mjom—"

Method aligeuka akanitazama. Alikuwa ametoa jasho mpaka shati limemganda, na usoni hakuwa na utani hata kidogo, alikuwa na hofu tu, ile ile niliyokuwa nayo mimi. Ningesema "subiri", angekubali. Najua angekubali. Angeshukuru, kama nilivyoshukuru pikipiki ilipogoma. Tungekaa kwenye mafungu yale ya vijiti, tungekula viazi, tungecheka, na ingekuwa jioni nzuri kuliko zote. Na kesho watu wangechukua jibu.

Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Safari njema, mjomba," nikasema. Mkono ulikuwa tayari juu, nikaupunga.

Akaondoka. Koti likajaa upepo. Hakugeuka, na hata angetaka, vioo hana. Alipopotea kwenye vumbi upande wa Bariadi, ndipo nikashusha mkono.

Simu ililia, nikaruka. Siyo ya tochi. Yangu.

"Gudi. Jioni hii hapa. Nimekaa na shangazi yako. Niwaambie nini?"

Nilimtazama Method. Alikuwa ameinama kwenye tuta la mwisho, anang'oa, anang'oa kama mtu anayefukuzwa, hataki kusikia.

"Baba, waambie hapana. Waambie kwa heshima, hawana ubaya. Hapana."

Shangazi: "Amesemaje?"

"Kwa ajili ya yule?" baba akauliza.

"Kuna mgeni yuko njiani anakuja hapo. Amevaa koti jeusi, hana simu. Asisimamishwe mlangoni, baba. Ameshatembea sana na lile koti."

"Anakuja lini?"

"Leo."

"Leo ipi?"

"Hii, baba. Ameshatoka."

Nilidhani amekata. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa.

"Sijasema nimekubali," baba alisema.

"Najua, baba."

"Nitamuuliza kuhusu hiyo pamba."

"Muulize."

"Haya. Ngoja nikavae shati."

Nilibaki nimeshika simu mbili, sijui nilie au nicheke, nikafanya kidogo kidogo vyote. Baada ya muda Method alikuja na kijiti cha mwisho mkononi. Matuta matatu hayakuwepo. Shamba lilikuwa tupu mpaka lamboni, sikuwahi kuliona hivyo, likawa kama la mtu mwingine.

"Amekubali?" aliuliza.

"Amevaa shati."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Sijui."

Alikaa chini palepale kwenye udongo. Nikakaa na mimi. Mama Salu alileta kiberiti, akatuachia, akaondoka anaimba kitu cha kwao kanisani, kwa sauti ya kujifanya hatuoni. Method alikigeuza kiberiti mkononi, akatazama angani.

"Upepo umetulia," alisema, kama analalamika.

Nikachukua kiberiti, nikawasha. Fungu la kwanza lilishika kwa mlio, moshi ukapanda umenyooka. Alinisogelea, bega likagusa bega, tukawa tunatazama funza wangu wote wanaungua.

"Sasa Jumatatu utakuja kukagua nini?"

"Paa."

"Halipo."

"Ndiyo maana nakuja."

Akacheka, kile kicheko chake chote, kisha akanigeukia, uso karibu na wangu, majivu kwenye kope.

"Basi nitaanza kupaua ke—"

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Neno likabaki humo ndani, linanitekenya, na mimi sikuondoa mkono.